Ruiru na Thika: Mambo ambayo mpangaji anafaa kujua kabla ya kulipa kodi

KWA abiria aliyepanda matatu ya nambari 237 kutoka Nairobi kwenda Thika miaka 20 iliyopita, safari ilikuwa ya kupita katikati ya mashamba. Mara tu alipoiacha Kahawa nyuma, mibuni ilimlaki pande zote mbili za barabara hadi karibu na Ruiru, kisha yakafuata mbuga na mashamba ya Juja, na mwishoni viwanda vya Thika.

Abiria wa leo huona maghorofa. Mahali palipokuwa na mibuni pana nyumba za orofa tano, sita na zaidi, nguo zimeanikwa kwenye roshani, matangi meusi ya maji yamepangwa juu ya paa, na mabango ya “Nyumba ya kupangisha” yametundikwa malangoni.

Takwimu za sensa zinathibitisha mageuzi hayo. Mwaka 2009 mji wa Ruiru ulihesabiwa kuwa na wakazi 238,858. Katika sensa ya 2019 idadi hiyo ilikuwa imefika 490,120, yaani zaidi ya maradufu katika muda wa miaka 10, na Ruiru ikawa mji wa nne nchini kwa wingi wa watu baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Thika, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo kubwa na yenye sifa zaidi, ilihesabiwa watu 251,407. Kaunti nzima ya Kiambu ilikuwa na wakazi 2,417,735.

Wengi wa wageni hao hawakuja kununua ardhi. Walikuja kupanga. Kwa hivyo suala la kodi, amana, maji na notisi ya kuhama ndilo linaloamua maisha ya maelfu ya familia katika eneo hili, ingawa si wengi wanaofahamu sheria inasema nini hadi siku wanapokuta kufuli geni mlangoni.

ASILI YA MIJI HIYO

Thika ilikua kutokana na reli na maji. Reli kutoka Nairobi ilifika huko mwaka 1913, na mito ya Chania na Thika ikawavutia walowezi na baadaye wenye viwanda. Baada ya uhuru mji huo ulijulikana kwa nguo, mafuta ya kupikia, uundaji wa magari na mananasi ya kampuni ya Del Monte. Palipo na kiwanda pana mfanyakazi, na palipo na mfanyakazi panahitajika chumba. Ndivyo mitaa kama Makongeni ilivyojaa wapangaji, huku wale wasiomudu wakijihifadhi katika mtaa wa mabanda wa Kiandutu.

Ruiru ilikuwa na historia tofauti. Ulikuwa mji mdogo uliozungukwa na mashamba makubwa ya kahawa, na hata leo jina lake linatajwa na wakulima kote nchini kwa sababu ya aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa na kituo cha utafiti wa kahawa cha mji huo mwaka 1985. Mitaa ya Kahawa Sukari na Kahawa Wendani ingali inabeba jina la zao hilo, ijapokuwa mkazi wake huinunua kahawa dukani.

Baada ya 1963, wananchi walichanga fedha kupitia kampuni za kununua ardhi, wakanunua baadhi ya mashamba ya walowezi na kuyagawa kwa wanahisa. Mojawapo ya kampuni zilizotajika sana Ruiru ni Githunguri Constituency Ranching. Mgao huo ndio unaoeleza sura ya mitaa mingi ya leo. Mwanahisa alipata ploti ndogo. Mwanawe akaijenga yote hadi mpakani ili apate vyumba vingi. Jirani naye akafanya vivyo hivyo. Matokeo yake ni kuta zinazokaribiana hata mwanga wa jua haupenyi dirishani, na njia nyembamba ambazo gari la zimamoto haliwezi kupita.

BARABARA ILIYOBADILISHA KODI

Ujenzi wa barabara kuu ya Thika, ambayo wengi huiita Thika Superhighway, ulianza mwaka 2009 na barabara ikafunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 9, 2012. Ina urefu wa takriban kilomita 50. Iligharimiwa na serikali ya Kenya, Benki ya Maendeleo ya Afrika na China, na ikajengwa na kampuni tatu za Kichina.

Kabla ya barabara hiyo, msongamano wa Githurai ulikuwa hadithi ya kila asubuhi. Ilipokamilika, mfanyakazi wa Nairobi aliweza kuishi Ruiru, Juja au hata Thika na kufika kazini. Barabara ya Eastern Bypass nayo iliunganisha Ruiru na Embakasi pamoja na barabara ya Mombasa bila ya kupitia katikati ya jiji. Hapo ndipo mahali kama Kamakis, palipokuwa pori na mashamba, palipogeuka kuwa kituo cha nyama choma, maduka na maghorofa. Kando ya mji, mradi wa Tatu City ulianza kuinuka juu ya ardhi ya mibuni yenye ukubwa wa takriban ekari 5,000.

Vyuo vikuu vilizidisha uhitaji. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, na Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopewa hati ya kujisimamia mwaka 2011, kina makao yake Thika. Kila mwaka wanafunzi hutafuta vyumba nje ya vyuo, na mwenye nyumba anayeweza kuweka wanafunzi wawili au watatu katika chumba kimoja hana haja ya kumpunguzia kodi mzazi mwenye watoto.

Hivyo basi, barabara ileile iliyomleta mpangaji ndiyo inayoweza kumfukuza. Mtaa unapopata lami, taa na duka kubwa, kodi hupanda, na aliyekuja mwanzo kwa sababu ya bei nafuu husukumwa mbele: kutoka Githurai hadi Kimbo, kutoka Kimbo hadi Juja, kutoka Juja hadi Thika.

AINA ZA NYUMBA

Mpangaji atakutana na aina kuu nne za makao.

Ya kwanza ni chumba kimoja katika ploti, ambapo choo, bafu na bomba la maji hutumiwa na wapangaji wote. Nyumba hizi zingalipo Makongeni, Kiandutu, Githurai na pembezoni mwa Ruiru, lakini hupungua kadiri wenyewe wanavyozibomoa ili kujenga maghorofa.

Ya pili ni bedsita, chumba kimoja chenye choo chake na pahali padogo pa kupikia. Hiki ndicho chumba cha kijana aliyeanza kazi na cha mwanafunzi.

Ya tatu ni nyumba ya ghorofa yenye chumba kimoja, viwili au vitatu vya kulala. Hizi zimejaa Kahawa Wendani, Ruiru mjini, Kimbo, Juja na baadhi ya sehemu za Thika.

Ya nne ni nyumba iliyo ndani ya mtaa wenye ukuta na lango moja, kama zile za Membley, au nyumba ya kujitegemea yenye kiwanja chake, kama nyingi za Ngoingwa na Section 9 mjini Thika. Hapa mpangaji hulipia pia ulinzi, usafi na matengenezo ya pamoja. Iwapo jengo liko chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, kila ghorofa yaweza kuwa na mwenyewe tofauti, na kanuni za umoja wa wamiliki humhusu mpangaji pia. Ni muhimu aombe kuzisoma kabla ya kuhamia.

GHARAMA HALISI

Bango hutaja kodi ya mwezi, lakini kodi si gharama yote. Tuchukue mfano wa nyumba ya Sh15,000. Mwenye nyumba ataomba kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya kiasi kilekile, jumla Sh30,000. Akidai pia amana ya maji na ya umeme ya Sh2,000 kila moja, mpangaji atahitaji Sh34,000 kabla ya kulipa gari la kubebea vyombo. Baadhi ya wenye nyumba hutaka amana ya miezi miwili, na hapo hesabu hufika Sh49,000.

Kila mwezi kuna ada ya takataka, ya bawabu na ya taa za ngazi. Kuna pia nauli. Nyumba ya Thika yaweza kuwa nafuu kuliko ya Kahawa Wendani, lakini familia yenye watu wawili wanaofanya kazi Nairobi itafaa ijumlishe nauli ya mwezi mzima, pamoja na ongezeko la nyakati za asubuhi, jioni na siku za mvua, kabla ya kusema imeokoa fedha. Wakazi wa Ruiru wana njia ya ziada, yaani gari la moshi la abiria linaloingia Nairobi asubuhi na kurudi jioni.

Jambo la kuepuka ni kulipa kabla ya kuona. Walaghai huweka picha za nyumba nzuri mtandaoni, hudai ada ya kuonyeshwa au amana ya “kushikilia nyumba”, kisha simu huzimwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawakala wa Nyumba (Sura ya 533), wakala anapaswa kuwa amesajiliwa na bodi inayosimamia kazi hiyo. Mpangaji ana haki ya kuuliza jina la usajili, kuonana na mwenye nyumba au kuona barua inayomruhusu wakala kupokea fedha, na kulipa kupitia benki au nambari ya malipo ya simu yenye jina linalofanana na lile lililo kwenye mkataba.

MAJI, UMEME NA MAJI TAKA

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika Ruiru na Thika, kuingia ndani ni kufungua mfereji.

Ni ajabu ya eneo hili kwamba sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, lililojengwa kwenye Mto Thika na kukamilika mwaka 1994, huku mkazi wa mtaa ulio kando ya mabomba ya kwenda jijini akinunua maji kwa mtungi. Maji ya Thika husambazwa na kampuni ya Thiwasco, na ya Ruiru na Juja na kampuni ya Rujwasco. Bwawa la Karimenu II la Gatundu Kaskazini, lililozinduliwa mwaka 2022, lilijengwa ili kupunguza uhaba huo, lakini mgao hutofautiana mtaa kwa mtaa.

Mpangaji aulize maswali manne. Maji ni ya kampuni au ya kisima? Huja siku ngapi kwa wiki? Tangi lina ukubwa gani, na linahudumia nyumba ngapi? Bei ya kila kipimo ni ipi, na nani husoma mita? Maji ya visima vingi huwa na chumvi, hivyo mwenye watoto wadogo atahitaji bajeti ya maji ya kunywa. Njia bora ya kupata majibu ya kweli ni kuwauliza wapangaji wa orofa ya juu, kwa kuwa wao ndio hukosa maji kwanza.

Kuhusu umeme, nyumba yenye mita yake ya kulipia kabla ya matumizi humpa mpangaji uhuru. Palipo na mita moja ya jengo zima, mwenye nyumba hugawa gharama au huweka mita ndogo na kuuza umeme kwa bei yake. Aidha, ni vyema kuhakikisha kwamba mpangaji aliyetangulia hakuacha deni kwenye mita, maana deni hilo huweza kukatwa kutoka kwa fedha za mgeni.

Maji taka ni suala ambalo wengi hulisahau. Thika ilikuwa na mabomba ya maji taka miaka mingi kabla ya Ruiru, lakini katika miji yote miwili zipo nyumba nyingi zinazotegemea mashimo. Shimo likijaa, hunyonywa kwa gari maalumu. Mkataba usiposema nani hulipia, mzozo hauwezi kukosa.

USALAMA WA JENGO

Uhitaji mkubwa wa nyumba umezaa pupa, na pupa imeua watu. Jengo la orofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, mnamo Aprili 2016 na kuua zaidi ya watu 40. Katika Kaunti ya Kiambu yenyewe, majengo yaliporomoka Kirigiti na Ruaka mwaka 2022 na kusababisha vifo.

Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) ya 2011 inataka mradi usajiliwe na mwanakandarasi awe ameidhinishwa. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 nayo inaipa serikali ya kaunti jukumu la kuidhinisha ramani na kutoa cheti cha kuruhusu watu kuhamia. Mpangaji wa kwanza katika jengo jipya ana kila sababu ya kuuliza kama cheti hicho kipo.

Asiyeweza kupata karatasi atumie macho. Nyufa zinazopita kwenye nguzo au zinazopanuka, milango isiyofunga kwa sababu fremu imepinda, maji yanayotuama kwenye msingi, chuma kilichotokeza kwenye saruji, na orofa zinazoongezwa juu ya jengo ambalo tayari lina watu, zote ni ishara za hatari. Vivyo hivyo, achunguze kama kuna ngazi zaidi ya moja, na kama vyuma vya madirisha vina sehemu ya kufunguka wakati wa moto.

Mahali lilipo jengo ni muhimu vilevile. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliamuru wakazi wa kandokando ya mito wahame, na nyumba katika sehemu kadhaa za nchi zikabomolewa. Mpangaji hana hatimiliki ya kutetea, lakini ana vyombo, watoto na amana. Aliyepanga kando ya mto, chini ya nyaya kubwa za umeme au kwenye hifadhi ya barabara anaweza kuamka na kukuta tingatinga.

MKATABA NA SHERIA

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inamhakikishia kila mtu haki ya makao bora na viwango vya kuridhisha vya usafi. Hata hivyo, uhusiano wa kila siku baina ya mwenye nyumba na mpangaji huongozwa na sheria nyingine.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali mkataba wa upangaji wa muda mfupi, yaani usiozidi miaka miwili, uwe wa maandishi au wa mdomo. Kwa hivyo si kweli kwamba asiye na karatasi hana haki. Shida ni ushahidi. Mali bila daftari huisha bila habari, na mpangaji asiye na mkataba wala risiti hulazimika kuthibitisha kwa maneno kwamba aliwahi kulipa.

Pale ambapo muda haukutajwa na kodi hulipwa kila mwezi, sheria huuchukulia upangaji kuwa wa mwezi hadi mwezi. Upande wowote ukitaka kuuvunja, sharti utoe notisi isiyopungua kipindi hicho, yaani mwezi mmoja, na notisi iishie siku ambayo kodi hulipwa. Mkataba wa maandishi unaweza kutaja muda mrefu zaidi.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae kwa utulivu bila kusumbuliwa. Ahakikishe nyumba inafaa kukaliwa na binadamu tangu mwanzo na kwa muda wote wa upangaji. Na pale panapopangishwa sehemu tu ya jengo, atengeneze paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja kama vile ngazi. Kwa upande wake, mpangaji anatakiwa alipe kodi kwa wakati na aitunze nyumba.

Mkataba mzuri unafaa kutaja mambo haya waziwazi: majina na nambari za vitambulisho vya pande zote mbili, nambari ya nyumba, kodi na tarehe ya kulipa, kiasi cha amana na siku ambayo itarudishwa, muda wa notisi, lini na kwa kiasi gani kodi inaweza kupandishwa, na nani hulipia ukarabati gani.

MZOZO WA AMANA

Hakuna jambo linalozua ugomvi kama amana. Mpangaji huitazama kama akiba yake; baadhi ya wenye nyumba huitazama kama mapato. Siku ya kuhama huambiwa kwamba fedha zote zimeishia kwenye rangi, kufuli na mfereji uliovunjika.

Kinga yake huanza siku ya kuingia. Mpangaji apige picha za kila chumba, sinki, choo, vioo na kuta, aandike orodha ya kasoro na kumtumia mwenye nyumba au wakala siku hiyohiyo, ili ujumbe ubaki na tarehe. Siku ya kutoka, wapitie nyumba pamoja wakiwa na orodha ileile. Kuchakaa kwa kawaida, kwa mfano rangi iliyofifia baada ya miaka mitatu, si sawa na uharibifu. Kioo kilichovunjwa na mtoto ni uharibifu, na ni haki mpangaji alipe.

Kutumia amana kama kodi ya mwezi wa mwisho bila kukubaliana ni kosa ambalo wapangaji hulifanya kwa sababu hawaaminiani na mwenye nyumba. Ni bora makubaliano hayo yaandikwe mapema.

KUPANDISHWA KODI NA KUFUKUZWA

Watu wengi huuliza kama serikali inadhibiti kodi. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba (Sura ya 296), iliyotungwa mwaka 1959, ilianzisha jopo la kuamua kodi na kuzuia wapangaji kufukuzwa kiholela. Lakini ulinzi wake umewekewa kikomo cha nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Kikomo hicho kimewaacha nje wapangaji wengi wa maghorofa ya Ruiru na Thika, na kumlinda hasa mkazi wa chumba kimoja. Juu ya kiwango hicho, kodi ni mapatano, na silaha ya mpangaji ni mkataba wake na notisi.

Pindi mwenye nyumba anapoamua kubomoa ploti ya zamani ili ajenge ghorofa, ana haki ya kutumia mali yake, lakini hana haki ya kuruka notisi. Kung’oa mlango, kuezua mabati, kukata maji na umeme au kufunga nyumba kwa kufuli lake huku vyombo vya mpangaji vikiwa ndani si njia ya kisheria ya kumtoa mtu.

Mpangaji naye akiwa na malimbikizi, sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi (Sura ya 293) inamruhusu mwenye nyumba kudai haki yake kupitia dalali wa mnada aliye na leseni. Dalali huorodhesha mali na kutoa notisi ya kulipa kabla ya mnada. Bawabu au msimamizi wa jengo hana mamlaka ya kubeba runinga ya mtu.

Ifahamike pia kwamba wenye nyumba wana mizigo yao. Wengi walijenga kwa mikopo ya benki, na ushuru wa mapato ya kodi ni wa lazima. Tangu Januari 2024, anayepata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka kutokana na nyumba za makazi hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea. Mpangaji anayehama usiku akiwa na deni la miezi mitatu humfanya mwenye nyumba amshuku hata mgeni mwaminifu atakayefuata.

PA KUPELEKA MALALAMIKO

Hatua ya kwanza ni barua au ujumbe wa simu unaotaja dai na tarehe. Wengi huenda kwa chifu, na upatanishi wake humaliza mizozo mingi, ingawa chifu hana mamlaka ya kutoa hukumu.

Kwa madai ya fedha, ikiwa ni pamoja na amana iliyozuiliwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, kesi inatakiwa imalizike katika siku 60, na mtu anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Haisikilizi kesi za umiliki wa ardhi. Hizo, pamoja na mizozo mikubwa ya upangaji, ni za mahakama ya hakimu au Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Thika. Nyumba ambazo zimo ndani ya kikomo cha Sh2,500 ni za jopo la kodi.

Popote atakapokwenda, mlalamishi ataulizwa swali lilelile: una nini cha kuonyesha? Mkataba, risiti, taarifa za malipo ya simu, picha za siku ya kuingia na nakala ya notisi ndizo zitakazomjibia.

Mibuni iliyobaki kati ya Ruiru na Thika inazidi kukatwa, na maghorofa yatazidi kuinuka. Baadhi ya wapangaji wa leo watajenga kwao. Wengine watahama tena kodi itakapopanda. Aliyehifadhi karatasi zake atahama na amana yake mfukoni, na hiyo ndiyo itakayomfungulia mlango wa nyumba inayofuata.